UZI: Maneno ya upande wa nyuma. Vito vya Edward VIII na Wallis Simpson, na namna ya kumwagiza sonara wa Nairobi kazi kama hiyo

#1 Mpekuzi_wa_Vito

Habari za jioni wadau. Kila mapenzi ya Edward VIII, mfalme wa Uingereza, na Mmarekani Wallis Simpson yanapotajwa, mazungumzo huishia kwenye ukubwa wa mawe na bei za mnada. Nataka tugeuze vito vile tuvitazame mgongoni, upande unaogusa ngozi. Vingi vya miaka ya 1930 vimechongwa tarehe na maneno, na hapo ndipo mapenzi yenyewe yalipo. Jiwe kubwa tajiri yeyote angelinunua. Tarehe ile ilikuwa ya watu wawili tu.

Nianze na pete ya uchumba. Ni zumaridi ya karati 19.77, kazi ya Cartier, nyumba maarufu ya masonara. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe peke yake lina karibu gramu 4. Ndani imeandikwa "WE are ours now 27 X 36". W ni Wallis, E ni Edward, na X ni mwezi wa kumi kwa tarakimu za Kirumi. Tarehe 27 Oktoba 1936 mahakama ya Ipswich ilimpa Wallis hukumu ya awali ya talaka. Hukumu kamili ilitoka 3 Mei 1937, na harusi ikafungwa 3 Juni 1937 katika Château de Candé, Ufaransa. Kumbukeni Edward aliacha ufalme Desemba 1936. Maana yake tarehe iliyomo ndani ya pete ni ya siku ambayo bwana bado ni mfalme na bibi bado kisheria ni mke wa mtu. Mambo yote hayo yamebebwa na herufi, tarakimu na nafasi 23.

Kuna pia bangili ya misalaba, Cartier tena. Mkufu mwembamba wenye misalaba tisa ya mawe mbalimbali, kila mmoja na tukio lake. Mmoja umeandikwa "God save the King for Wallis 16.VII.36", na hiyo ni siku mtu alipomwelekezea Edward bastola barabarani London. Mwingine ni wa Agosti 1944, Wallis alipopasuliwa kidole tumbo. Aliivaa bangili hiyo siku ya harusi, kwa hiyo msalaba wa 1944 uliongezwa baadaye. Ni kama shajara inayovaliwa mkononi, na kila ukurasa una pete yake ya kuning'inizia.

Van Cleef & Arpels nao walitengeneza bangili ya yakuti nyekundu na almasi yenye "Hold Tight 27-iii-36", na nyingine ya yakuti samawi ya kuadhimisha mkataba wa ndoa, "For our Contract 18-V-37". Wala Wallis hakuwa wa kupokea tu. Krismasi ya 1935 alimpa Edward mkebe wa sigara wa dhahabu wenye ramani ya safari zao, na mawe madogo yakionyesha vituo.

Masonara mlioko humu, naomba mfungue upande wa ufundi. Maneno marefu kama ya pete ile yanakaaje ndani ya pete ya kawaida, na fundi wa hapa kwetu anayaharibu wapi?

#2 Sonara_Ngara

Karibu sana, mada nzuri hii. Nitajibu kwa hesabu.

Pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17 ina mzunguko wa milimita 53.4. Usidhani zote ni zako. Toa milimita 8 chini kabisa, mahali pete inapokatwa siku ikihitaji kupanuliwa au kupunguzwa. Toa nyingine 6 juu, chini ya jiwe, kwa sababu pale huwa pametobolewa ili mwanga uingie. Unabaki na milimita 39. Herufi inayosomeka vizuri ina kimo cha milimita 1.5, na ukijumlisha nafasi yake inakula karibu milimita 1.5 za upana. Hapo unapata herufi 26, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Yale ya Edward ni 23, yanakula milimita 34.5. Yanatosha bila kubanana.

Mteja akija na sentensi ya herufi 40, fundi asiyesema hapana atapunguza kimo hadi milimita 1 au chini yake. Siku ya kwanza inapendeza. Baada ya miaka kadhaa ya sabuni, jasho na kung'arishwa, "e" na "a" zinafanana, na "8" inakuwa kidoa. Punguza maneno, usipunguze kimo cha herufi.

Upana wa pete uwe angalau milimita 3 ili kila upande wa herufi ubaki ukingo. Unene uanze milimita 1.8, kwa sababu tupa na msasa vitakula kidogo, na kisu cha kuchongea kitashuka milimita 0.15 hadi 0.2. Pete nyembamba ya milimita 1.2 ikigongwa herufi kwa mhuri badala ya kuchongwa, herufi huonekana kama vivimbe upande wa nje. Hilo halina dawa isipokuwa kuongeza dhahabu.

Na tafadhali, pete yenye jiwe isifanywe kwa dhahabu ya karati 22 (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito wa jiwe). Karati 22 inafaa bangili na vidani, ila ni laini, na kucha zinazoshika jiwe zitafunguka zikikwaruzana na mkoba. Karati 18, yaani sehemu 750 katika 1000, ndiyo kipimo cha kazi hii.

#3 Otis_wa_Umoja

Shukrani Sonara. Nina maswali mawili. Nimesoma kwamba baadhi ya maandishi yale yamechongwa kwa mwandiko wao wenyewe. Inawezekana kwa fundi wa hapa? Na ni bora leza au mkono?

#4 Sonara_Ngara

Inawezekana. Mwandike kwa kalamu yenye ncha nyembamba, wino mweusi, karatasi nyeupe isiyo na mistari, ukubwa mara nne ya unaotakiwa. Andika mara kadhaa na uchague ule uliotoka bila kufikiria, maana mwandiko wa kujikaza huonekana. Vitanzi vya "e", "a" na "g" viwe wazi kabisa, kwa sababu ukipunguza mara nne kitanzi chembamba kinajifunga. Piga picha karatasi kutoka juu moja kwa moja. Picha ya pembeni inapinda herufi, na mashine itafuata huo upindaji bila huruma.

Kuhusu leza, iko ya aina mbili, na wengi hawaulizi wanapewa ipi. Ya kuchoma juu juu huacha rangi nyeusi tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na ukiing'arisha mara mbili tatu imekwenda. Ya kuchimba hupita mara nyingi mahali pamoja na kuacha mfereji. Mwambie fundi unataka ya kuchimba, kisha pitisha ukucha juu ya maandishi. Ukucha ukiteleza bila kushika kitu, rudisha.

Mkono una uhai wake. Mfereji wa kisu una kuta zinazong'aa na unacheza na mwanga, jambo ambalo leza haiwezi. Ila kwa mwandiko wa mtu, leza ya kuchimba hufuata kila mtetemo wa kalamu, wakati mchongaji wa mkono huuleta mwandiko karibu na wake bila kukusudia. Kwa tarehe na herufi za kuchapa ningechagua mkono, kwa mwandiko leza.

Mpangilio wa kazi ndio unaoharibiwa zaidi. Kwanza saizi ya kidole, ipimwe mchana wala si asubuhi ya baridi ya Julai vidole vikiwa vimesinyaa. Kisha kulehemu kote kuishe. Kisha tupa, msasa, na kung'arisha kwa kwanza. Halafu ndiyo maandishi. Jiwe huja baada ya maandishi, kwa sababu pete ikibanwa kwenye jiliwa na jiwe liko ndani, jiwe linaweza kupasuka. Mwisho kabisa ni kung'arisha kwepesi, na ndani pasiguswe na brashi ya mashine. Nimeona kazi za kutosha ambazo maandishi yalifanywa mwanzo, kisha brashi ikapitishwa juu yake ikala nusu ya kina.

#5 Jicho_la_Jiwe

Naongeza upande wa zumaridi, maana watu wataisoma habari ya karati 19.77 na kukimbilia madukani.

Kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ugumu wa zumaridi ni 7.5 hadi 8, kwa hiyo kukwaruzika si tatizo. Tatizo lake ni nyufa za ndani. Karibu zote zinazo, na nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Ukiipeleka kwa sonara akaitumbukiza kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, au akaipiga mvuke, mafuta yanatoka na jiwe lililokuwa la kijani safi linaonyesha michirizi myeupe. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya meno ya mtoto vinatosha. Na ikihitajika moto kwa ukarabati wowote, hata wa sehemu ya chini ya pete, jiwe litolewe kwanza. Fundi akikwambia atalifunika kwa kitambaa kibichi, chukua pete yako uondoke.

Mnajua kwa nini zumaridi hukatwa mstatili wenye pembe nne zilizopunguzwa? Pembe kali ndiyo inayopasuka kucha inapokandamizwa. Kabla ya kukubali jiwe, litazame kwa lenzi ya mara 10 na ufuate kila ufa. Ufa unaofika ukingoni mahali kucha itakapokaa, hilo si jiwe la pete. Lifanye kidani.

Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kijani kile, tsavoraiti inafaa sana, na ni jiwe la kwetu. Jina lake limetoka Tsavo, na Campbell Bridges ndiye aliyeligundua. Ugumu wake ni 7 hadi 7.5, kwa kawaida halitiwi mafuta wala halipikwi, na linang'aa kuliko zumaridi kwa sababu linapinda mwanga zaidi (1.74 dhidi ya karibu 1.58). Kasoro yake ni ukubwa. Safi ya zaidi ya karati 2 ni adimu, na bei ya kila karati inapaa kadiri jiwe linavyokua. Kitu kingine ambacho wauzaji hawakuelezi ni kwamba tsavoraiti ni nzito kuliko zumaridi. Karati 1 ya tsavoraiti ya duara ina kipenyo cha takriban milimita 6, huku zumaridi ya uzito huohuo ikionekana kubwa zaidi. Ukilinganisha bei, linganisha milimita pamoja na karati.

Tanzanaiti isiwe pete ya kila siku. Ugumu wake ni 6 hadi 7 na inagawanyika kirahisi ikigongwa upande mmoja. Hereni sawa, kidani sawa.

#6 Bint_Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mmenikumbusha zawadi nyingine za kifalme ambazo maandishi yake hayakuchongwa kabisa, yaliandikwa kwa mawe yenyewe.

Napoleon alipomwoa Marie Louise mwaka 1810, nyumba ya masonara ya Nitot ya Paris, ambayo leo inaitwa Chaumet, ilitengeneza bangili tatu ambazo herufi za kwanza za majina ya mawe, zikifuatana, zinasoma neno. Moja inasema Napoléon na tarehe yake ya kuzaliwa, 15 Agosti 1769. Ya pili ni Marie Louise, 12 Desemba 1791. Ya tatu ina tarehe mbili, 27 Machi 1810 walipokutana na 2 Aprili 1810 ya ndoa ya kanisani. Jina Napoléon wamelipanga hivi: natroliti, amethisto, peridoti, opali, lapisi, zumaridi (kwa Kifaransa inaanza na E), oniksi, kisha natroliti tena.

Sasa tufanye kwa Kiswahili, maana lugha yetu ina majina yake ya mawe tangu zamani. A ni almasi au akiki, F ni feruzi, K ni kaharabu, L ni lulu, M ni marijani, Y ni yakuti, Z ni zumaridi. Hayo ni ya wazee. Ya kukopa ni G ganeti, I iolaiti, O opali, P peridoti, S spineli, T tsavoraiti, tanzanaiti au topazi. Herufi zinazosumbua ni E, U na W, kwa hivyo chagueni neno kabla ya kuchagua jiwe.

Ninalolipenda ni AZIZA: akiki, zumaridi, iolaiti, zumaridi, almasi. Mawe matano, na lililo laini kuliko yote ni akiki yenye 6.5 hadi 7. Linavalika kila siku. MALAIKA linavutia watu wengi, ila tazameni ndani yake: marijani ni 3 hadi 4, lulu 2.5 hadi 4.5, kaharabu 2 hadi 2.5. Hayo ni mawe ya kuchunwa na vumbi la barabarani tu, kwa kuwa vumbi lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Livaliwe kwa hafla, tena kama kidani, si bangili.

Jambo la lazima: wekeni kikaratasi ndani ya kisanduku chenye orodha ya majina ya mawe kwa mpangilio wake. Mtu akiita yakuti "rubi", au jiwe likianguka na fundi akaweka jingine la rangi ileile, neno limekufa. Mchoro mdogo unaoonyesha jiwe la kwanza liko upande gani wa kifungo nao uwemo, la sivyo MALAIKA itasomwa kinyume.

#7 Sonara_Ngara

Dada Bint_Lamu umesema kweli. Nami naongeza namna ya kuifunga bangili hiyo, kwa sababu mawe yenye ugumu tofauti kwenye kipande kimoja ni mtihani.

Kila jiwe liwe na kikombe chake, ukingo mzima wa chuma unaolizunguka, bila kucha. Tumia mawe ya milimita 6, yote saizi moja, vikombe vya milimita 7.5 kwa nje. Kikombe na pete zake mbili za kuungia kinachukua karibu sentimita 1, kwa hiyo AZIZA ni sentimita 5, na bangili ya sentimita 17 inabakiwa na 12 za mkufu, 6 kila upande. Urefu ni mzunguko wa kifundo cha mkono, jumlisha sentimita 1.5 hadi 2.

Lehemu pete zote za kuungia zikiwa tupu. Vikombe vikiwa tayari vimeunganishwa na mkufu umekamilika, ndipo mawe yaingie, magumu kwanza, laini mwisho. Fundi akiingiza mawe halafu akakumbuka pete moja haijalehemiwa, moto utaharibu opali na lulu kabla hata hujaona. Na maji ya asidi yanayosafisha chuma baada ya moto hula lulu, marijani na malakiti. Hizo tatu zisiguse asidi hata ile hafifu ya limau.

Pete za kuungia waya wa milimita 0.8 angalau. Nyembamba zaidi hukatika kwa msuguano, na kinachopotea ni jiwe pamoja na herufi yake.

#8 Mama_Mifupa

Wanangu, mmewasahau George IV, mfalme mwingine wa Uingereza, na Maria Fitzherbert. Alipokuwa bado mwana mfalme, Novemba 1785, alimpelekea Maria barua ya kumposa na ndani yake akaambatanisha picha ndogo ya jicho lake. Jicho tu, bila uso, ili asijulikane ni la nani. Walioana kwa siri 15 Desemba 1785, ndoa ambayo sheria ya 1772 haikuitambua kwa kuwa mfalme hakutoa ruhusa. Kuanzia hapo picha za jicho zikawa mtindo, zikizungushiwa lulu au almasi na kuvaliwa kama bruchi, pambo la kubanwa kwenye nguo kwa pini. George alipokufa 1830 alizikwa na picha ya Maria shingoni.

Nyingi za zamani zilichorwa kwa rangi za maji juu ya pembe ya ndovu. Hapa Kenya hilo halipo kabisa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwa nayo bila kibali, na wote tunakumbuka tani 105 zilizochomwa pale Nairobi National Park Aprili 2016. Usinunue hata ya "bibi alituachia".

Mfupa wa ng'ombe unafanya kazi hiyo vizuri, na mafundi wake tunao hapa Kibera. Chukua mfupa wa muundi, uchemshwe mpaka mafuta yaishe. Mafuta yakibaki, madoa ya manjano yatajitokeza baadaye chini ya rangi. Weupe upatikane kwa haidrojeni peroksaidi, ile ya saluni. Dawa ya kufulia yenye klorini inaufanya mfupa uwe wa chaki na kumeguka. Kata kibamba cha milimita 1.5, umbo la yai la milimita 18 kwa 13, kwa sababu vikombe na vioo vya saizi hiyo vinapatikana vimeshatengenezwa. Msasa namba 400, kisha 800, kisha 1200, halafu usugue kwa unga laini wa mawe ya kusugulia miguu ili rangi ishike.

Rangi iwekwe kwa vitone na brashi ya 000, karibu kavu. Mfupa haunywi maji kama karatasi, kwa hivyo mpako wa pili ukiwa na maji mengi unang'oa wa kwanza. Anza na kivuli cha kope la juu, mboni iwe ya mwisho, na nuru ya mboni iachwe weupe wa mfupa wenyewe, isiongezwe kwa rangi nyeupe. Kikauke wiki nzima kabla ya kufunikwa kioo, hasa Juni na Julai. Unyevu ukifungiwa ndani, ukungu utaota kwenye jicho. Na usikiweke dirishani, rangi za maji hufifia kwa jua.

#9 Otis_wa_Umoja

Mama, hii ya mfupa sikuitarajia, asante. Je, bruchi nzito inakaaje kwenye nguo bila kulala kifudifudi? Wallis alikuwa na ile ya flamingo.

#10 Mpekuzi_wa_Vito

Swali zuri, na flamingo ndiyo jibu. Edward aliiagiza Cartier Paris mwaka 1940, akapeleka mkufu na bangili kadhaa za Wallis zivunjwe mawe yatumike upya. Manyoya ya mkia ni zumaridi, yakuti nyekundu na yakuti samawi zilizokatwa kwa kipimo, mwili ni almasi. Ndege amesimama kwa mguu mmoja, na ni mrefu karibu sentimita 10. Tatizo likajitokeza: bibi akiinama, mguu unamchoma kifuani. Ukatengenezwa mguu wenye kiungo unaojikunja. Mimi nauhesabu mguu ule kuwa tendo la mapenzi sawa na maandishi yoyote, kwa sababu mtu alifikiria mwili wa mvaaji akiwa ameketi, akiinama, akila.

Mwaka 1949 ikafuata bruchi ya chui aliyekalia yakuti samawi ya karati 152.35, mviringo usiokatwa nyuso. Zidisha kwa 0.2 upate gramu 30.5 za jiwe peke yake, bado platinamu na almasi za chui.

#11 Sonara_Ngara

Otis, bruchi hulala kifudifudi pini ikiwekwa katikati. Iweke theluthi ya juu, ili uzito mwingi uning'inie chini yake. Ikizidi gramu 15, weka pini mbili sambamba, umbali wa milimita 10. Kifuli cha pini kiwe cha kuzungushwa, si ndoano tupu. Pini iwe ya chuma kigumu, dhahabu ya karati 18 iliyovutwa na kukazwa inafaa, ila ikiguswa na moto wa lehemu baadaye inalainika na kupinda kama waya wa kufungia. Kwa hiyo pini huunganishwa mwisho kwa msumari mdogo wa kupondwa, bila moto.

Kitambaa cha sufu kinabeba. Shifoni haibebi; kata kipande cha turubai laini cha sentimita 4, kiweke ndani ya nguo, pini ipite vitambaa vyote viwili. Kitenge kizuri kinabeba hadi gramu 20 hivi kikiwa na bitana.

Na misalaba ya kuning'inia kama ile tisa: almasi na yakuti huchuna akwamarini na kuvunja pembe za zumaridi zikigongana. Acha milimita 12 au zaidi kati ya msalaba na msalaba, laini jirani na laini, na kila msalaba usiwe na pembe kali.

#12 Jicho_la_Jiwe

Watu wasisahau ya nyumbani: mwana mfalme William wa Uingereza alimposa Catherine hapa Kenya Oktoba 2010, eneo la Rutundu, Mlima Kenya, kwa pete aliyovaa mama yake, Diana. Yakuti samawi ya karati 12, almasi 14 pembeni, kazi ya Garrard. Kwa kuvaa kila siku hilo ndilo jiwe la busara, ugumu 9, bila mafuta. Kinachochakaa ni kucha. Zikaguliwe kila mwaka: vuta uzi wa pamba juu ya jiwe, ukinasa kuna kucha iliyoinuka.

#13 Bint_Lamu

Na Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, alichora mwenyewe. Taji dogo la yakuti samawi na almasi la Victoria, 1840, lilitengenezwa na Joseph Kitching kwa pauni 415 kutokana na mchoro wa Albert. Katika seti ya maua ya mchungwa, taji la maua la 1846 lina machungwa manne mabichi ya enameli, moja kwa kila mtoto waliyekuwa naye wakati huo. Kwa hivyo msiogope kumpelekea sonara mchoro wenu. Chora kwa ukubwa halisi, juu, ubavu na nyuma, na uandike milimita kila mahali. Picha ya simu bila vipimo hugeuka kitu kingine mezani.

#14 Otis_wa_Umoja

Nimeamua: pete ya tsavoraiti, herufi zisizozidi 20 ndani. Nipeleke jiwe langu au nimwachie fundi alinunue? Na nifanye nini nisibadilishiwe?

#15 Sonara_Ngara

Jiwe nunua wewe, kwa muuzaji mwenye leseni anayekupa risiti yenye jina la jiwe, uzito na vipimo. Kabla ya kuliacha, lipimwe mbele yako kwenye mizani inayosoma 0.01 ya karati, na urefu, upana na kina kwa kalipa. Litazameni pamoja kwa lenzi, mchore duara kwenye karatasi na muweke alama za madoa yake ya ndani yalipo. Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Madoa ya jiwe hayaigiki, na fundi mwaminifu atafurahi kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Dhahabu nayo ipimwe ikiingia na ikitoka, na mkubaliane kabla kuhusu upotevu wa tupa. Usikabidhi vito vya zamani viyeyushwe bila kupimwa karati zake kwanza, maana lehemu ya zamani hushusha ubora wa mchanganyiko mzima.

Maandishi uyaandike kwa mkono wako kwenye risiti, yote, pamoja na nukta na nafasi. Sema wazi tarehe inaanza na siku au mwezi. 5/6 husomwa kwa njia mbili, na hapo ndipo mwezi wa Kirumi wa Edward unapokuwa na akili: 5 VI hauna utata. Omba uoneshwe maandishi yakiwa yamechorwa kwa penseli ndani ya pete kabla ya kuchongwa. Kosa la herufi lililokwisha chongwa hulazimu kukwangua chuma chote cha eneo lile, na pete ya milimita 1.8 inavumilia hilo mara moja tu.

Malipo nusu mwanzoni, nusu baada ya kuisoma kwa lenzi ukiwa umesimama dukani.